Kwa Nini Chatiboti Inachelewa Kujibu: Hesabu Kutoka Maili Moja

Anayeshuka kwenye basi Maili Moja, Kibaha, hatembei mbali kabla hajakutana na kibao cha steshenari. Ndani kuna mashine ya fotokopi, ya kulamineti vitambulisho, na kompyuta mbili tatu za mezani zilizoingia nchini zikiwa zimekwisha tumika kwenye ofisi za watu huko Ulaya au Uarabuni. Zamani mteja alikuja na karatasi ya kuchapiwa. Siku hizi anakuja na swali: barua ya kuomba uhamisho inaandikwaje, leseni ya biashara inataka viambatisho gani, neno hili la kwenye kitabu cha kidato cha pili lina maana gani. Mhudumu anaiuliza chatiboti. Kisha wote wawili wanakodolea kioo huku kiduara kikizunguka.

"Kaka, mashine imechoka," aliniambia dada mmoja mwenye duka la aina hiyo. "Fundi kasema kanzidata imejaa, na prosesa ni ya kizamani. Anataka nibadilishe mashine nzima."

Nikamuuliza hiyo chatiboti anaifungulia wapi. Kwenye intaneti, akasema, kama anavyofungua barua pepe. Basi nikamwomba asitoe hata shilingi. Prosesa mpya isingempunguzia kusubiri, kwa sababu aliyekuwa akifikiri si kompyuta yake. Kompyuta yake ilikuwa dirisha tu.

Nimeyasikia madai ya fundi yule mara nyingi, shuleni, kwenye zahanati, hata kwa vijana waliosomea kompyuta vyuoni: data ikiwa nyingi jibu linachelewa, na dawa yake ni prosesa kubwa. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapotezea watu fedha. Ukifanya hesabu kwa makini unakuta kwamba data nyingi iliyopangwa vizuri haichelewi, na kwamba prosesa mara nyingi hukaa bure ikisubiri kuletewa mzigo. Kinachochelewesha ni mpangilio, na upana wa njia ambayo mzigo unapita.

Tuanze na yule anayetumia chatiboti ya mbali, maana ndiye mteja wa kawaida wa Maili Moja, kwa simu au kwa kompyuta. Maandishi ni mzigo mwepesi mno. Jibu la maneno 300 ya Kiswahili ni kama kilobaiti 2 au 3, dogo kuliko picha yoyote ya WhatsApp. Kwa hiyo hata bando la kusuasua linatosha kulileta. Umbali nao si tatizo kubwa kama zamani. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, mawasiliano mengi yalipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde hata kabla mtu hajafikiri lolote. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 10,000 kwenda na 10,000 kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Siku mkongo ukikatika, kama mikongo ya SEACOM na EASSy ilivyokatika pamoja tarehe 12 Mei 2024 na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, hapo ndipo lawama inakwenda kwa mtandao kwa haki. Siku nyingine zote, sehemu kubwa ya kusubiri iko kwenye seva za mwenye chatiboti: foleni ya watu wanaouliza kwa wakati mmoja, ukubwa wa modeli inayofikiri, na urefu wa jibu lenyewe. Katika hayo, mteja anamiliki moja tu, nalo ni urefu. Anayeandika "nijibu kwa sentensi tatu" anapunguza kusubiri kuliko anayebadilisha kompyuta.

Lakini kuna watu wa kundi la pili, nao ndio walionifanya niandike. Hawa wanataka chatiboti iliyo kwao, ndani ya jengo. Mwalimu anataka wanafunzi waulize maswali ya bayolojia bila kununua bando. Mganga anataka mwongozo wa tiba upatikane hata mtandao ukikatika, na hataki habari za wagonjwa ziende kwenye seva asiyoijua. Kibaha si mahali pageni kwa fikra za namna hii. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, na tangu mwanzo lilibeba shule, afya na kilimo kwa pamoja, kwa imani kwamba maarifa yakiwekwa karibu na watu yatatumika. Chatiboti ya ndani ya jengo ni mtoto wa imani hiyohiyo. Na kwa kundi hili vifaa na kanzidata vina uzito wa kweli, kwa hiyo inafaa tuvipime kimoja kimoja.

Kanzidata kwanza.

ELIZA, chatiboti ya mwanzo kabisa kupata jina, ambayo Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha maelezo yake mwaka 1966, haikuwa na kanzidata ya kuitwa kanzidata. Ilikuwa na orodha fupi ya maneno ya kushtukia na mbinu za kugeuza kauli ya mtu iwe swali. Suala la ukubwa lilikuja baadaye. Richard Wallace alianza kujenga chatiboti ya A.L.I.C.E. mwaka 1995, na ikafika kuwa na ruwaza za mazungumzo zipatazo 40,000. Kama kila swali lingelinganishwa na ruwaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, basi kila anayeongeza ujuzi angekuwa anaongeza ukawiaji. Haikuwa hivyo. Wallace alizipanga ruwaza kama mti: neno la kwanza la swali linachagua tawi, neno la pili linachagua kitawi, na kuendelea. Muda wa kutafuta ukategemea urefu wa swali, si wingi wa ruwaza.

Mswahili wa Tanzania hahitaji kufundishwa mti huu, ameishi ndani yake. Ukitafuta nyumba ya mtu mkoani Pwani hubishi hodi kila mlango kuanzia Mafia. Unauliza wilaya, unauliza kata, unauliza mtaa, mwishowe unafika kwa balozi wa nyumba kumi, naye anakuonyesha kwa kidole. Utaratibu wa nyumba kumi kumi uliowekwa na TANU ni faharasa ya watu. Hebu fikiria ngazi zote zingekuwa za kumi kumi: nyumba milioni moja zingehitaji hatua sita tu, na nyumba milioni kumi zingehitaji hatua saba. Umezidisha nyumba mara kumi, umeongeza swali moja. Kanzidata za leo, hata ile ndogo ya SQLite iliyomo ndani ya kila simu janja, zinatumia matawi mengi zaidi ya kumi kwa kila hatua, kwa hiyo safu milioni moja hufikiwa kwa hatua tatu au nne.

Sasa weka hilo kwenye kifaa halisi. Chukua jedwali la majibu milioni moja, kila moja baiti 200. Jumla ni megabaiti 200. Kompyuta ya mtumba yenye diski ya kuzunguka husoma megabaiti 120 hivi kwa sekunde ikisoma mfululizo. Bila faharasa italazimika kusoma jedwali zima: sekunde moja na nusu na zaidi. Badilisha diski uweke SSD ya kawaida, yaani diski isiyozunguka, inayosoma megabaiti 500 kwa sekunde: sehemu nne za kumi za sekunde. Umelipa, na umepata nafuu. Lakini rudi kwenye diski ileile ya zamani na uiwekee faharasa. Sahani ya diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na kidogo. Ukijumlisha muda wa kichwa chake kusogea, kila ruko ni kama milisekunde 12. Maruko manne ni milisekunde 48 hivi. Mashine chakavu yenye data iliyopangwa imeishinda mashine mpya yenye data iliyorundikwa, tena kwa mara nane. Na faharasa haiuzwi Kariakoo. Ni mstari mmoja wa amri anaouandika anayejua kazi yake.

Huo ndio ukweli ninaotaka mafundi wetu waukubali. Kauli ya "kanzidata imejaa" ina maana kwa pipa la maji. Kwa kanzidata, swali la kwanza ni kama ina faharasa.

Ipo hali moja ambayo wingi unaumiza kweli, na haki inataka niitaje. Mtu haulizi kwa maneno yaleyale yaliyohifadhiwa. Kanzidata ina "dalili za malaria kwa mtoto", mama anaandika "mwanangu anatetemeka na mwili wa moto". Hakuna neno hata moja linalolingana sawasawa. Chatiboti za kizamani zililazimika kupima ufanano wa swali na kila sentensi iliyohifadhiwa, na hapo kila sentensi mpya ilikuwa gharama mpya. Siku hizi sentensi hugeuzwa kuwa mstari wa namba zinazowakilisha maana yake, na ufanano unapimwa kwa namba hizo. Fanya hesabu tena: mstari wa namba 384, kila namba baiti 4, ni baiti 1,536. Miongozo ya zahanati, vitabu vya shule ya sekondari na nyaraka za halmashauri vikikatwa aya 10,000, jumla ni megabaiti 15. Ramu ya kawaida, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, husafirisha zaidi ya gigabaiti 10 kwa sekunde, kwa hiyo kuzipitia zote, bila ujanja wowote, hakumalizi milisekunde mbili. Ukifika aya milioni kadhaa ndipo utahitaji mbinu za kuruka. Shule gani ya Kibaha ina aya milioni kadhaa?

Kwa hiyo kanzidata nimeiachia huru, isipokuwa kwa kosa moja nitakalolitaja mbele.

Chatiboti zilizoanza kuenea baada ya ChatGPT kutolewa tarehe 30 Novemba 2022 zinafanya kazi kwa namna nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani ndani yake kuna kabati kubwa la majibu. Hakuna kabati. Kuna modeli, yaani rundo la namba zilizopatikana kwa kusomeshwa maandishi mengi, na jibu linatungwa kipande kwa kipande. Ili kutoa kipande kimoja, ambacho huenda kikawa silabi mbili tu, prosesa kwa kawaida hupitishiwa namba zote za modeli. Kipande cha pili, zote tena. Kipande cha mia tatu, zote tena.

Llama 2 ndogo, iliyotolewa na Meta mwaka 2023, ina namba bilioni 7. Kila moja ikihifadhiwa kwa baiti mbili, modeli ni gigabaiti 14. Wataalamu wamejifunza kuzibana namba hizo mpaka biti nne nne, na modeli ikashuka kuwa kama gigabaiti 4; programu ya llama.cpp, aliyoianzisha Georgi Gerganov mwezi Machi 2023, ndiyo iliyowafungulia wenye kompyuta za kawaida mlango huo. Gigabaiti 4, basi, ndizo zinazotakiwa kusafiri kutoka kwenye ramu hadi kwenye prosesa kwa kila kipande cha jibu.

Mkazi wa Maili Moja anaijua hadithi hii kwa magurudumu. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, ilikuwa ya njia mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Basi la daraja la juu lenye injini mpya na malori ya Kongo na Zambia vilikwenda mwendo mmoja, wa lori lililotangulia. Aliyenunua gari lenye nguvu alikaa foleni Kibamba na aliyenunua gari bovu. Dawa ilikuwa kupanua barabara iwe ya njia nane. Prosesa ni injini. Ramu, na njia itokayo humo, ndiyo barabara.

Kompyuta nyingi za mtumba mitaani kwetu zina ramu ya kizazi cha DDR3. Kipande kimoja cha ramu ya DDR3 ya 1600 hupitisha, kwa upeo wake, gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Gawanya kwa modeli ya gigabaiti 4: vipande vitatu vya jibu kwa sekunde. Weka vipande viwili vya ramu kwenye matundu yanayofaa, na njia inakuwa mbili: gigabaiti 25.6, vipande sita kwa sekunde. Mashine yenye DDR4 ya 3200 na ramu mbili hufika gigabaiti 51.2, yaani vipande kumi na viwili. Kadi ya picha kama RTX 3060 ina gigabaiti 360 kwa sekunde. Hapo unazungumzia vipande tisini. H100, kadi ya seva zinazotumiwa na makampuni makubwa, ina terabaiti 3.35. Hizo ni dari. Kazi halisi hukaa chini ya dari. Lakini uwiano wake haudanganyi, na tazama kwamba katika hesabu yote hiyo sikuitaja kasi ya prosesa hata mara moja.

Kuna funzo la bei nafuu hapo. Anayeuziwa gigabaiti 8 za ramu aulize kama ni kipande kimoja cha 8 au viwili vya 4. Gigabaiti ni zilezile, mwendo ni mara mbili. Nimeona kompyuta zikiuzwa na tundu moja wazi miaka mitano, mwenyewe akilalamika kwamba mashine ni nzito.

Ramu ikipungua ndipo msiba unapoanza. Windows na kivinjari cha intaneti vinataka nafasi, modeli inataka gigabaiti 4, na mazungumzo yenyewe yanataka yake: Llama 2 ndogo hutunza karibu nusu megabaiti kwa kila kipande ilichokwisha kusoma au kuandika, kwa hiyo mazungumzo ya vipande 4,000 yanakula gigabaiti 2. Ndiyo maana chatiboti iliyoanza asubuhi ikiwa nyepesi inakuwa nzito kadiri mazungumzo yanavyorefuka, na ikifunguliwa upya inachangamka. Mashine ya gigabaiti 4 haiwezi kubeba haya yote. Kinachozidi kinasukumwa kwenye diski, na kila kipande cha jibu kinakwenda kukisoma huko. Modeli nzima ikisomwa kutoka diski ya kuzunguka, gigabaiti 4 kwa megabaiti 120 kwa sekunde, ni zaidi ya nusu dakika kwa kipande kimoja. Neno moja la Kiswahili laweza kumaliza dakika. Kwenye SSD ya kawaida ni kama sekunde nane kwa kipande. Hapo ndipo mtu huapa kwamba kompyuta imekufa, kumbe inahangaika tu, inapanda na kushuka kama mtu mwenye ndoo moja anayejaza tangi.

Prosesa nayo isidharauliwe. Ina zamu yake, na zamu hiyo ni kusoma swali. Kabla ya kuandika chochote, chatiboti husoma ulichoandika pamoja na kila ulichokiambatisha, na usomaji huo hufanywa kwa mkupuo, kwa hesabu nyingi. Modeli ya namba bilioni 7 hufanya hesabu kama bilioni 14 kwa kila kipande inachosoma. Swali fupi la vipande 30 si kitu. Lakini sasa rudi kwa mganga wetu na miongozo yake. Programu inatafuta aya zinazohusika, kazi ya milisekunde chache kama tulivyoona, kisha inaziweka mbele ya modeli isome kabla ya kujibu. Tuseme imeziweka kwa wingi ili isikose, vipande 2,000. Ni hesabu trilioni 28. Prosesa ya zamani inayomudu hesabu bilioni 100 kwa sekunde itatumia sekunde 280, karibu dakika tano, kabla ya herufi ya kwanza kutokea. Kadi ya picha inayomudu trilioni 10 itamaliza kwa sekunde tatu.

Hilo ndilo kosa nililoahidi kulitaja. Kanzidata haiichelewishi chatiboti kwa ukubwa wa kabati lake. Inaichelewesha kwa idadi ya kurasa zinazomwagwa mezani. Anayepunguza aya kutoka kumi hadi mbili zilizochaguliwa vizuri amefanya kazi ya kadi ya picha bila kuinunua, na mara nyingi jibu linakuwa bora kwa kuwa modeli haijachanganywa. Kuchagua aya mbili sahihi ni kazi ya mtu anayelijua somo, yaani mwalimu au muuguzi. Ni kazi ya kalamu. Mashine haiwezi kumsaidia mtu ambaye nyaraka zake ni picha za skani zilizopinda na majedwali yasiyo na vichwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu halimo kwenye vitabu vya mafundi na halitibiwi kwa bisibisi.

Nimekuwa nikisema "kipande". Kipande si neno. Modeli ina msamiati wake wa vipande, uliopatikana kwa kuhesabu ni makundi gani ya herufi yanajirudia zaidi katika maandishi iliyosomeshwa. Maandishi hayo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, kwa hiyo maneno mengi ya Kiingereza yamepata kipande kizima kizima. Msamiati wa Llama 2 una vipande 32,000, na Kiswahili humo kilipata makombo. Neno kama "hawakutuambia", ambalo kwetu ni pumzi moja, linakatwakatwa, wala halikatwi pale mwanaisimu angekata, kwenye kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha yambwa, bali popote herufi zilipofanana na lugha nyingine. Na kila kipande, kumbuka, ni safari nzima ya gigabaiti 4.

Weka hesabu: tuseme neno la Kiswahili linatoka vipande vitatu kwa wastani. Mashine ya vipande sita kwa sekunde inatoa maneno mawili kwa sekunde. Jibu la maneno 150 ni sekunde 75. Mwalimu mwenzake aliyeuliza kwa Kiingereza kwenye mashine ileile, ambaye neno lake mara nyingi ni kipande kimoja, amepata jibu lake mapema zaidi. Ni kweli kwamba Kiswahili hubeba mengi kwa maneno machache, na hilo linatufidia kidogo. Halitufidii yote. Watafiti waliolinganisha sentensi zenye maana moja katika lugha nyingi wameonyesha kwamba lugha zisizo na maandishi mengi kwenye intaneti hukatwa vipande vingi zaidi kwa ujumbe uleule. Kwa anayelipia chatiboti kwa kipande, ni bei. Kwa anayesubiri, ni muda. Kwa modeli yenyewe, ni kumbukumbu inayojaa mapema.

Dawa imeanza kutengenezwa, na imeanzia karibu. Mwezi Oktoba 2023 shirika la Jacaranda Health la Kenya lilitoa UlizaLlama, modeli ya namba bilioni 7 iliyojengwa juu ya Llama 2 na kusomeshwa Kiswahili zaidi, kwa ajili ya huduma yao ya PROMPTS inayojibu maswali ya wajawazito na kina mama wapya kwa ujumbe mfupi wa simu. Nalipenda chaguo lao kwa sababu mbili. Hawakukimbilia modeli kubwa. Waliichukua ndogo wakaifundisha lugha ya wanaouliza. Na walijua huduma yao inapita wapi: mama anayetuma ujumbe mfupi hakai akitazama herufi zikitokea moja moja, jibu likija baada ya dakika moja amelipata mapema. Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu aliye mbele ya kioo huanza kupoteza uzi wa mawazo baada ya sekunde moja, na baada ya sekunde kumi huhama kabisa. Aliye na simu mfukoni ana kipimo kingine. Tanzania nayo ilianza kutumia njia hiyo Novemba 2012, katika kampeni ya Wazazi Nipendeni, mama akituma neno "mtoto" kwenda 15001 na kupata ujumbe wa afya bila malipo. Hakukuwa na modeli wala kadi ya picha, na ujumbe ulifika.

Makampuni makubwa nayo yamepanua misamiati. Llama 3 ya Aprili 2024 ilifika vipande 128,000, na OpenAI, wenye ChatGPT, mwaka huohuo ilitoka kwenye vipande 100,000 hivi kwenda 200,000. Kila upanuzi wa namna hiyo ni njia moja zaidi kwenye barabara yetu, na hautulazimishi kununua chochote. Ndiyo maana kuchagua modeli mpya yenye msamiati mpana kunaweza kumpa mtumiaji wa Kiswahili kasi ambayo jirani yake wa Kiingereza hataiona.

Kuna mambo madogo ya huku kwetu ambayo vipimo vya Ulaya havisemi. Joto la Pwani ni moja. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kompyuta iliyojaa vumbi la barabarani, kwenye kibanda cha bati saa nane mchana, hufika huko upesi. Kupuliza vumbi na kupaka upya dawa ya kupozea prosesa ni kazi ya nusu saa. Nyingine ni umeme: laptopu inayotumia betri hupunguza mwendo kwa makusudi, kwa hiyo anayepima kasi ya chatiboti umeme ukiwa umekatika anapima kitu kingine.

Na wanafunzi arobaini wakiuliza kwa pamoja itakuwaje? Hapa modeli inafanana na daladala ya Mbezi. Namba zote zikisafiri mara moja kwenda kwenye prosesa, zinaweza kumtumikia zaidi ya mtu mmoja katika safari hiyo, kama gari lilivyo lilelile likiwa na abiria mmoja au ishirini. Seva nzuri hukusanya maswali na kuyabeba pamoja. Kila mmoja anachelewa kidogo, wote wanafika. Programu isiyojua kukusanya huwabeba mmoja mmoja, na wa arobaini anakata tamaa. Kwa hiyo shule ichunguze programu yake ya seva kabla ya kununua seva ya pili.

Kama ningeulizwa kesho na mwalimu mkuu wa Kibaha aweke fedha yake wapi, ningemjibu kwa mpangilio huu: achukue modeli ndogo iliyobanwa, yenye msamiati unaokijua Kiswahili; aweke ramu vipande viwili, jumla gigabaiti 16; aondoe diski ya kuzunguka aweke SSD; na siku tatu za walimu wawili zitumike kupanga nyaraka, aya kwa aya, kila aya na kichwa chake. Kadi ya picha ije mwisho, ikiwa wanafunzi wengi wanatumia na nyaraka ni ndefu. Prosesa mpya peke yake isiwemo kwenye orodha.

Na wewe unayemiliki steshenari, au unayesimamia maabara ya kompyuta ya shule, fundi akikuambia kanzidata imejaa, mwombe kwa heshima akuonyeshe mambo mawili kabla hujafungua pochi: faharasa iko wapi, na ramu imebaki kiasi gani wakati chatiboti inajibu. Fundi wa kweli atakuonyesha papo hapo, kwa dakika tano, bila kufungua mashine.